Msifute kifo cha Jenny kwenye igizo

Wiki tatu zilizopita niliitwa shuleni kufundisha kukohoa. Si utani. Kikundi cha maigizo cha shule moja ya sekondari hapa jijini kinaandaa igizo kuhusu mji mdogo uliopigwa na janga la mafua wakati wa vita, na mwalimu wao akaona ni heri daktari awaonyeshe mgonjwa wa kweli anavyokuwa.

Nilipofika walinipokea kwa "Shikamoo dokta" ya pamoja, wakanipa kiti, wakaanza. Ndugu msomaji, nilicheka. Kijana anayeigiza mgonjwa alikuwa anakohoa kama mchekeshaji wa kwenye televisheni. Anashika kifua, anayumba, anaanguka, kisha anainuka ili akohoe tena. Wenzake wakashangilia.

Nikawaambia kwamba mgonjwa wa mafua makali aliyefika pabaya hana nguvu ya kukohoa hivyo. Hana pumzi. Anaanza sentensi na hawezi kuimaliza. Anasema neno moja, anavuta hewa, anasema la pili, anavuta hewa. Pua zinatanuka kila anapopumua na midomo inaanza kubadilika rangi. Nikamwambia kijana aegemee mto, aombe maji, lakini kati ya "naomba" na "maji" apumue mara tatu, harakaharaka. Akafanya. Chumba kizima kikanyamaza.

Baada ya mazoezi mwalimu aliniita pembeni. Akasema kuna ubishi kwenye kamati ya wazazi. Katika igizo hilo mtoto mdogo anafariki, na baadhi ya wazazi wanataka sehemu hiyo iondolewe. Mmoja amesema ni uchuro. Mwingine ameuliza kwa nini watoto wafundishwe msiba wakati maisha yatawafundisha yenyewe. Mwalimu akataka kujua mimi kama daktari ninasemaje.

Siku ile nilimjibu kwa neno moja: msiifute. Leo naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lile halihusu shule moja. Linahusu jinsi tunavyoishi na ugonjwa majumbani mwetu.

Igizo lenyewe

Igizo linaitwa 1918. Mwandishi wake ni Mmarekani Horton Foote, aliyezaliwa mwaka 1916 katika mji mdogo wa Wharton, jimbo la Texas, na kufariki mwaka 2009. Ni moja ya maigizo tisa yanayofuata maisha ya familia moja, na familia hiyo ameichota kwa wazazi wake mwenyewe. Mji wa kwenye igizo ameuita Harrison, lakini wanaoijua kazi yake wanajua kuwa ni Wharton. Mwaka 1985 ilitoka filamu yake pia.

Horace Robedaux ni kijana mwenye kazi ya nguo. Ana mke, Elizabeth, na binti mdogo, Jenny. Vita Kuu ya Kwanza inapiganwa Ulaya, ng'ambo ya bahari, lakini mji mzima hauna mazungumzo mengine. Mdogo wake Elizabeth wa kiume anatamani kwenda vitani. Wakati macho ya watu yako huko mbali, mafua yanaingia mjini nyumba hadi nyumba. Horace anaugua, homa inampanda mpaka anaweweseka. Anapozinduka, Jenny hayupo tena. Ugonjwa uleule umemchukua. Elizabeth ni mjamzito, mtoto mwingine anazaliwa, na vita inakwisha.

Huoni mzinga wala bunduki. Vita yote unaiona kwa watu wa kawaida, wakizungumza sebuleni mambo ya kawaida, huku kifo kikipita mlangoni. Ukiondoa kifo cha Jenny, kinachobaki ni familia inayozungumza juu ya vita vya mbali. Yaani unabaki na kile ambacho magazeti ya mwaka ule yalitaka watu wakione.

Mwaka wa kuficha

Hapa naomba unifuate kidogo kwenye historia.

Mafua ya 1918 yaliambukiza takriban theluthi moja ya watu wote duniani. Makadirio yanayotumika sana ni vifo milioni 50. Marekani pekee walikufa watu wapatao 675,000, na askari wake waliokufa kwa maradhi katika vita ile ni wengi kuliko waliouawa na adui. Kambi za jeshi zilijaza vijana wakilala vitanda vimeshikana, kisha treni na meli zikawasafirisha. Huwezi kukipatia kirusi cha mafua nafasi nzuri kuliko hiyo.

Lakini nchi zilizokuwa vitani hazikutaka kusema. Magazeti yalibanwa ili watu wasivunjike moyo. Hispania haikuwa vitani, kwa hiyo magazeti yake yaliandika wazi kwamba watu wanaugua, hadi mfalme wao. Ndiyo sababu dunia nzima ikauita ugonjwa ule mafua ya Kihispania. Aliyesema ukweli ndiye aliyebandikwa jina la ugonjwa. Je, jambo hilo halifanani na mitaa yetu? Nyumba inayotangaza kuwa ina mgonjwa wa kipindupindu ndiyo inayonyooshewa kidole, ingawa majirani nao wanaharisha.

Kuficha kule kuliua. Mji wa Philadelphia, tarehe 28 Septemba 1918, uliruhusu gwaride kubwa la kuchangisha mkopo wa vita, wakati wagonjwa wa mafua walikuwa tayari wamo mjini. Watu wapatao 200,000 walijaa barabarani. Siku chache baadaye hospitali zilifurika, na ndani ya wiki sita zaidi ya watu 12,000 walikuwa wamekufa. Mji wa St. Louis ulifunga mapema shule, makanisa na kumbi za maigizo. Huko nako watu walikufa, lakini wiki yao mbaya kuliko zote ilikuwa nafuu mara kadhaa kuliko ya Philadelphia.

Na sisi tulikuwemo. Septemba 1918 mafua yale yaliingia pwani ya Kenya kupitia Mombasa, yakapanda bara. Watafiti wanakadiria kuwa yaliua watu wapatao 150,000 katika Kenya ya wakati ule. Ardhi yetu nayo ilikuwa uwanja wa vita hiyohiyo, Wajerumani na Waingereza wakipigana kwa migongo ya wapagazi wetu. Ukienda sokoni Kariakoo, kumbuka kuwa jina lile ni la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliokuwa na kambi pale. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dar es Salaam anayeigiza mgonjwa wa Texas haigizi mambo ya watu wengine tu.

Wala hatuhitaji kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2021 tulivyokuwa tunasoma matangazo ya misiba yenye maneno "changamoto ya upumuaji". Wengi wenu mlizika bila kutaja jina la ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tulilijua hilo, na bado tulificha.

Madaktari wa 1918 walikuwa na nini?

Wanafunzi waliniuliza swali zuri: daktari wa mji ule angefanya nini? Jibu ni kwamba angefanya machache sana. Kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa mwaka 1933, miaka 15 baadaye. Mwaka 1918 wataalamu wengi waliamini wanapambana na bakteria. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa, hiyo ni 1928. Chanjo ya mafua haikuwepo. Wengi walikufa kwa nimonia iliyofuata baada ya mafua, na dawa ya kuitibu haikuwepo. Madaktari na wauguzi wengi walikuwa wamepelekwa vitani.

Kilichobaki kilikuwa uuguzi. Maji, kitambaa cha kupoza homa, dirisha wazi, supu, na mtu wa kukaa karibu. Na ugonjwa ule haukuchagua wazee pekee kama mafua ya kila mwaka. Uliwachukua vijana wa miaka 20 hadi 40, wajawazito na watoto wadogo. Itazame familia ya Horace: baba kijana, mama mjamzito, mtoto mdogo. Mwandishi hakutia chumvi. Nyumba kama hiyo ndiyo iliyopigwa zaidi.

Kosa langu

Sasa nieleze kwa nini nina msimamo mkali juu ya jambo hili.

Miaka ishirini iliyopita nilikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na mlipuko wa kipindupindu. Tulikuwa na hema la watu wazima na hema la watoto. Baba mmoja na mwanawe wa miaka mitatu waliletwa usiku mmoja kutoka nyumba moja. Baba alikuwa amekauka maji mpaka hasikiki anaposema. Mtoto alifariki alfajiri.

Ndugu wa baba, mtu mzima wa heshima, alinishika mkono nje ya hema. "Dokta, nakuomba, usimwambie. Atatufia na yeye." Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijalala siku mbili, na ombi lile lilinipa njia ya kukwepa kazi ngumu. Nikakubali.

Asubuhi baba akaniuliza, "Mwanangu vipi?" Nikamjibu, "Anaendelea vizuri." Jioni akauliza tena, nikajibu vilevile. Kesho yake pia. Mtoto alikuwa ameshazikwa.

Siku ya tatu baba alipata nguvu, akaruhusiwa. Alikuwa ametuma anunuliwe biskuti. Akaenda nazo moja kwa moja hema la watoto, akakuta kitanda kina mtoto wa mtu mwingine. Muuguzi ndiye aliyempa habari, amesimama, katikati ya kazi.

Alirudi kwangu. Nilitegemea matusi, na ningeyastahili. Hakupandisha sauti. Alisema, "Dokta, siku zile mbili nilikuwa namwombea dua apone. Kumbe nilikuwa namwombea uzima mtoto aliyekwishazikwa." Akaondoka, mfuko wa biskuti akauacha juu ya meza.

Sikumsaidia kupona. Kilichompa uhai ni maji ya dripu. Uongo wangu ulimnyima maziko ya mwanawe na kumnyima dua aliyostahili kuisoma. Na jambo moja zaidi: mtu yule kesho akiambiwa na daktari "unaendelea vizuri", ataamini?

Ndiyo maana kwangu sehemu ya Horace kuzinduka ndiyo moyo wa igizo lile. Mgonjwa amefumbua macho. Watu wa nyumbani wanajua, yeye hajui. Kila familia iliyopita kwenye janga inakijua chumba hicho. Kukiondoa jukwaani ni kuendelea kufanya nilichofanya mimi.

Wanaopinga wana hoja

Sitaki nionekane ninawadharau wazazi wanaopinga. Nilikutana nao wawili.

Anayesema ni uchuro anatoka kwenye malezi yaleyale niliyolelewa mimi. Kwetu kifo hakitajwi mbele ya watoto, na mtoto aliyefariki hupitishwa kwa haraka: "alikuwa malaika, msilie sana." Kuna huruma ndani yake. Lakini katika kazi yangu nimeona kinachofuata. Mtoto aliyeambiwa kuwa mdogo wake "amelala" anaanza kuogopa kulala. Aliyeambiwa "amesafiri" anakaa dirishani kumsubiri, kisha anakasirika kwamba hakuagwa. Watoto wanaona vilio, viti na turubai uani. Usipowaeleza wanajieleza wenyewe, na mara nyingi maelezo yao ni mabaya kuliko ukweli. Wengine hudhani wao ndio walioleta kifo, kwa sababu siku ile waligombana na mdogo wao.

Mama wa pili alinigusa zaidi. Miaka minne iliyopita alipoteza mtoto wa miezi minane kwa nimonia. Nilidhani naye anataka sehemu ile ifutwe. Akasema, "Hapana dokta. Msiwakatalie watoto. Ila mimi mniambie ni dakika ya ngapi, nitoke nje."

Sentensi hiyo moja ina hekima kuliko ubishi wote wa kamati. Msifute, ila mtuambie mapema. Mwalimu amekubali. Kwenye karatasi ya mwaliko itaandikwa kuwa kuna kifo cha mtoto, na mlangoni atakuwepo mtu wa kueleza ni wakati gani. Vilevile kila mwanafunzi ameulizwa faraghani kama ana msiba wa karibu nyumbani, na hakuna atakayelazimishwa nafasi inayomuumiza. Na baada ya onyesho watu hawatatawanyika papo hapo. Watakaa nusu saa, waulize na waseme. Shule nyingine yoyote ikitaka kuigiza janga, naishauri ianze na mambo hayo.

Habari mbaya ipelekwe vipi?

Naelewa hofu ya yule ndugu aliyenishika mkono. Kwa hiyo nieleze tofauti ya mambo mawili: kusubiri na kudanganya.

Mgonjwa anayeweweseka au aliyepoteza fahamu, subiri. Akili yake haiwezi kubeba habari hiyo, na hata ukimwambia anaweza asikumbuke. Lakini siku anapokuuliza kwa akili timamu "mwanangu yuko wapi?", kusubiri kumekwisha. Anayeuliza mara nyingi ameshahisi. Usimpe jibu la uongo.

Aende mtu wake wa karibu anayempenda, pamoja na mhudumu wa afya. Mwambieni daktari au muuguzi mapema kwamba mnakwenda kutoa habari hiyo, ili awepo kuangalia hali ya mgonjwa. Kaeni chini, msisimame kama mnaondoka. Tumieni neno lenyewe, "amefariki", kwa upole, kisha nyamazeni. Msiharakishe kujaza ukimya kwa maneno ya kufariji. Na kama maziko yanaweza kungoja au mgonjwa anaweza kuaga kwa njia yoyote salama, mpeni nafasi hiyo. Wakati wa mlipuko fuateni maelekezo ya wahudumu wa afya, lakini hata anayezuiwa kugusa anaweza kuelezwa, kuona kwa mbali, au kuletewa picha.

Swali linalofuata huwa gumu: "Je, mimi ndiye niliyemwambukiza?" Mzazi aliyeugua nyumba moja na mtoto aliyefariki atajiuliza hilo usiku kucha. Usimwambie "usiwaze hivyo" ukaishia hapo. Mwambie ukweli wa kitabibu: mtu mwenye mafua anaweza kuanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajahisi dalili yoyote. Huwezi kujilinda na kitu ambacho hujui kama unacho. Kukaa na mtoto wako si kosa.

Kwa mtoto, tumia maneno machache ya kweli: mwili wake uliugua sana, ukaacha kufanya kazi, hatarudi, na si kwa sababu ya jambo ulilofanya wewe. Atauliza tena kesho na keshokutwa swali lilelile. Si ukaidi, ndivyo watoto wadogo wanavyoelewa, kidogokidogo. Mjibu tena vilevile.

Dalili nilizowafundisha waigizaji

Nisimalize bila kukupa wewe mzazi kile nilichowapa wanafunzi, kwa sababu kilichomkosa Jenny wa 1918 leo kipo.

Mtoto mwenye mafua na kikohozi, mfunue kifua akiwa ametulia, halafu hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi 2 hadi chini ya miezi 12, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukikuta hivyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Usisubiri hata kuhesabu ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au haamki vizuri, au midomo imebadilika rangi. Hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Mjamzito mwenye homa ya mafua asikae nyumbani kuvumilia. Apimwe mapema, hasa akiishiwa pumzi. Usimpe mtoto mwenye mafua aspirini, inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Usimpe antibayotiki ulizobakiza kabatini, haziui kirusi cha mafua. Zinahitajika pale tu mtaalamu anapoona nimonia au maambukizi mengine ya bakteria. Na angalia kadi ya kliniki. Chanjo inayokinga aina kubwa ya nimonia hutolewa bure katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama mtoto alikosa, nenda kaulize. Hakuna atakayekufukuza, na akikufukuza muombe mganga mfawidhi.

Dalili hizi nimeziandika humu mara nyingi, na najua wengi husoma na kusahau. Lakini wanafunzi wale walioona mwenzao akishindwa kusema "naomba maji" kwa pumzi moja hawatasahau. Kesho mmoja wao atamwona mdogo wake anapumua vile, na atakimbia kumwita mama. Hiyo ndiyo kazi ya igizo ambayo safu yangu haiwezi kuifanya.

Juzi nilirudi kwenye mazoezi. Kijana anayeigiza Horace sasa anapumua kama mgonjwa kweli, mpaka mwalimu wake ana wasiwasi naye. Akaniuliza, "Dokta, nikishaambiwa kuhusu Jenny, nipige kelele?" Nikamsimulia habari ya yule baba na biskuti zake. Nikamwambia asipige kelele. Akae kimya, ahesabu mpaka kumi moyoni, ndipo aseme neno lake linalofuata. Walipojaribu, hesabu ile ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani.

Onyesho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nimeomba kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili yule mama akitoka nje asitoke peke yake.